Msinunue Fremu Kabla Hamjampima Mgonjwa

Maswali ya wiki hii mengi yanahusu fremu za kutembelea, vile vifaa vya miguu minne mgonjwa anavyoshika akitembea, ambavyo wengi mnaviita woka. Nimeyachukua haya.

Shikamoo mtaalamu. Mama ana miaka 74, yuko Kongwa, nyonga inamsumbua tangu aanguke mwezi uliopita. Mimi niko Dar, nataka kumtumia woka kwa basi. Nichukue saizi gani?

Marahaba. Usitume chochote bado. Mzee aliyeanguka na tangu hapo anachechemea apigwe kwanza picha ya nyonga. Mfupa unaweza kuwa umepasuka na bado akajikokota hadi uani, na nyumbani mkasema ni uzee. Fremu itaficha tatizo tu.

Daktari akisharidhika, aliye naye nyumbani ampime. Mama avae viatu anavyotembelea kila siku, asimame wima, mikono ining'inie. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono: mishikio iwe hapo. Akiishika, viwiko vipinde kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Fremu fupi itamwinamisha, ndefu itampandisha mabega na mikono haitabeba uzito. Nyingi zina vitufe vya kurekebisha miguu, lakini kila moja ina mwisho wake, kwa hiyo nenda dukani na kipimo. Soma pia kikomo cha uzito kwenye kibandiko.

Woka ni bei gani?

Swali hili linakuja kila mara, bila umri, bila ugonjwa, bila uzito. Niambieni kwanza anayetembea ni nani na anatembea wapi.

Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Tumemnunulia fremu lakini inakwenda upande na nusura imwangushe. Tunakosea wapi? (Chang'ombe)

Fremu inataka mikono miwili inayoshika. Iwekeni pembeni leo hii. Mara nyingi mtu kama baba hufaa zaidi fimbo yenye miguu minne, aishike kwa mkono wenye nguvu, lakini mpelekeni kwenye fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), hospitali ya mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, aonekane akitembea kabla hamjatoa fedha nyingine. Naumia nikiona familia imechangishana, kisha kifaa kinageuka hatari ndani ya nyumba.

Kuna zile za magurudumu manne, zina breki na kiti. Bibi anaipenda. Tunaishi Kizota, barabara ya mchanga. Itafaa?

Hiyo ni ya mtu anayeweza kujibeba, ila anachoka au pumzi inakata. Anayeegemea kwa uzito wake wote asipewe, maana itamkimbia. Bibi awe na nguvu ya vidole kubana breki na kumbukumbu ya kuzifunga kabla ya kukaa. Kile kiti ni cha kupumzikia, fremu ikiwa imesimama. Wajukuu wasimsukume akiwa amekikalia.

Kuhusu mchanga wetu, magurudumu madogo yanazama, na mvua zikianza tope linayakwamisha. Kwa uwanja wa mchanga mlaini mara nyingi isiyo na magurudumu ndiyo inayotulia, mradi awe na nguvu ya kuinyanyua kila hatua. Asipoweza, tafuteni magurudumu makubwa na mshindilie njia ya kwenda chooni na barazani. Kazi ya siku moja ya vijana wa nyumbani inaweza kumsaidia kuliko kifaa cha bei kubwa.

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea?

Anaweza, lakini bomba la maji ni zito, na fremu ya alumini huwa na kilo 2 au 3 tu. Akitumia bomba jembamba, miguu itanuke chini, apimiwe mgonjwa mwenyewe, na kila mguu uvae mpira.

Tuna fremu ya marehemu babu. Mama aitumie?

Ndiyo, ikirekebishwa kwa kimo chake. Geuzeni miguu mtazame mipira: ikiwa imelika au imepasuka, badilisheni kabla hajapiga hatua.

Mama anayo fremu lakini anaiacha ukutani, anashika kuta. Tumemsema hadi tumechoka. (Mpwapwa)

Acheni kumsema. Mfuateni siku nzima mwone inapomkwamia. Mara nyingi ni mlango wa choo: fremu haipiti, basi anazoea kutembea bila hiyo. Pimeni milango yote, na chooni fungeni bomba la kushikilia ukutani, au mumpatie kiti chenye tundu asichuchumae. Ondoeni mikeka iliyojikunja na ndala zinazoteleza.

Kisha afundishwe, maana wengi hupewa fremu bila maelezo. Fremu mbele, mguu dhaifu, halafu mguu wenye nguvu. Akiinuka asivute fremu, asukume kiti kwa mikono, asimame, ndipo aishike. Kwenye ngazi asiitumie kabisa. Na asitundike ndoo ya maji kwenye fremu, itapinduka naye. Kimfuko chepesi cha simu na dawa kinatosha, maji achotewe.