Figo lako limekataliwa kwa mumeo, ila kuna mtu linamfaa

Dada mleta uzi, pole sana na kuuguza. Umesema mumeo ni kundi la damu B na wewe ni A, hospitali wamekwambia huwezi kumtolea figo, na sasa kuna dalali anakuambia ana mtu wa kuuza. Umeuliza kwa nini kuuza kukatazwe wakati watu wanakufa, na kama kuna njia nyingine. Nakujibu kwa niliyoyapitia nikimuuguza mdogo wangu, maana hata sisi yeye ni B, mimi ni A.

Wewe unajua maisha ya mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, kupimwa uzito kabla na baada, maji ya kunywa kwa kipimo. Wasindikizaji tunabaki nje kwenye benchi na tunazoeana mpaka tunajuana makundi ya damu. Pale nilimkuta binti aliyekuwa akimleta mama yake. Mama ni A, binti ni B. Naye alikuwa amekataliwa. Kwa upande wa kundi la damu, figo langu lingemfaa mama yake na lake lingemfaa mdogo wangu. Tumekaa benchi moja, na kila faili limefungwa kivyake! Nilimuuliza daktari, akanisikiliza vizuri tu, akasema pale hakuna utaratibu wa kubadilishana.

Utaratibu huo upo duniani tangu zamani. Daktari Felix Rapaport aliupendekeza mwaka 1986, na Korea Kusini walianza kuufanya mwaka 1991. Kilichokuwa kinakwamisha ni kukutana. Mwenye mahindi anayetaka samaki lazima ampate mwenye samaki anayetaka mahindi, na kwa figo mnaongezea makundi ya damu na kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoweza kulishambulia figo la mtu mwingine. Mwaka 2004 wachumi Alvin Roth, Tayfun Sönmez na Utku Ünver walionyesha jinsi ya kuwaweka wote waliokataliwa kwenye orodha moja, kisha kompyuta itafute mizunguko: huyu ampe yule, yule ampe wa tatu, wa tatu arudi kwa wa kwanza. Wakashirikiana na madaktari wa New England, Marekani, kuanzisha mpango wenyewe. Roth alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi ya namna hii ya kuoanisha watu bila kutumia bei.

Jambo lililonigusa zaidi ni la uaminifu. Sheria hairuhusu kumlazimisha mtu atoe figo kwa sababu aliahidi. Sasa kama leo nimempa mama wa watu figo langu, kesho binti akaogopa akajitoa, mdogo wangu amebaki bila kitu, na mimi sina tena figo la kutoa. Kwa hiyo upasuaji wote hufanyika kwa wakati mmoja: familia mbili ni vyumba vinne na timu nne za madaktari. Familia tatu ni sita. Hospitali ngapi zinaweza?

Mwaka 2007 daktari Michael Rees wa Toledo, Ohio, alianzisha mnyororo kwa mtu aliyejitolea figo bila kuwa na mgonjwa wake. Mgonjwa wa kwanza akapokea, ndugu yake akatoa baadaye kwa mgonjwa wa familia nyingine, na kuendelea hivyo hadi watu kumi wakapandikizwa. Ukiangalia vizuri utaona ujanja wake: kila familia inapokea kabla ya kutoa. Mtu akivunja ahadi mnyororo unakatika, inauma, lakini familia iliyokuwa inasubiri bado ina mtoaji wake na inaweza kuingia mzunguko mwingine.

Orodha nayo lazima iwe kubwa na iwe ya wote. Marekani hospitali nyingine zilikuwa zinaoanisha kimyakimya wagonjwa wao walio rahisi kupatiwa figo na kupeleka kwenye orodha ya pamoja wale wagumu tu. Ikifika hapo, wagumu wanabaki wakitazamana.

Mdogo wangu alipona kwa sababu binamu yetu alijitokeza, na ni O. Namshukuru kila siku. Lakini fikiria: O anaweza kumpa mtu wa kundi lolote, ila mgonjwa wa O hupokea kutoka kwa O tu. Kama ile orodha ingekuwepo, mimi ningempa yule mama, binti angempa mdogo wangu, na binamu angebaki kuwa tumaini la mgonjwa wa O. Tulipotoka pale, yule mama bado alikuwa kwenye mashine.

Kuhusu dalali, achana naye. Iran inaruhusu malipo kisheria, lakini kwetu ungekuwa unanunua kwa mwenye madeni. Utafiti wa Chennai, India, uliochapishwa mwaka 2002 uliwahoji wauzaji 305. Asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni, na kipato cha familia zao kilishuka kwa theluthi moja. Na muuzaji ana kila sababu ya kukuficha ugonjwa wake.

Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma mwaka 2018, kwa figo za ndugu walio hai. Waliokataliwa wapo kwenye mafaili hayohayo. Ningefurahi kuona hospitali zetu na za Kenya zikiwaweka kwenye orodha moja.

Wewe sasa hivi muulize daktari ulikataliwa kwa kundi la damu peke yake au kuna kingamwili pia, na uombe majibu kwa maandishi. Wapime ndugu wote walio tayari, hata wa mbali. Kama mnafikiria kwenda kutibiwa India, ulizia mapema kuhusu kubadilishana kati ya familia: sheria yao iliruhusu kwa marekebisho ya 2011, ila kamati lazima iridhike kwamba kila mtoaji ni ndugu wa karibu wa mgonjwa wake. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa anza kuvikusanya wiki hii, maana hivyo ndivyo huchelewesha safari.