Kabla Hujafungua Kopo la Thina

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Marekani alituma picha mbili. Ya kwanza ni Chevrolet Impala ya 1964, modeli ya plastiki ya kuunganisha iliyotengenezwa na kampuni ya AMT, aliyoipata kwenye mauzo ya vitu vya zamani. Iliunganishwa na mtoto wa enzi hizo: rangi nyekundu imepakwa kwa brashi, nzito kama uji wa mgonjwa, na alama za vidole vyenye gundi zimegandia kwenye kioo cha mbele. Picha ya pili ni gari hilohilo baada ya kulala usiku mmoja ndani ya ndoo ya thina. Paa limebonyea, milango imekuwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye karai, na nembo za ubavuni hazipo. Swali lake lilikuwa fupi: "Ndugu, linatengenezeka?"

Bodi hiyo haitengenezeki. Bampa, chesisi, injini na viti, ambavyo kwa bahati hakuvitumbukiza, ni spea nzuri na tutavirudia mwishoni. Lakini kosa lenyewe limeshasemwa hapa mara nyingi, na bado kila mwezi kuna bodi inauawa hivyohivyo. Gari hili lilivumilia miaka sitini darini. Halikuvumilia saa nane za mtu mwenye haraka.

Modeli nyingi za magari za tangu 1960 na kuendelea ni polistairini. Gundi yake ya kawaida haigandishi vipande kama gundi ya mbao. Inayeyusha kingo mbili, zinachanganyika, kisha kiyeyushi kinaruka na kuacha kipande kimoja. Thina na asetoni zinafanya kazi hiyohiyo, ila kwa gari zima. Petroli nayo usiiguse. Kuloweka bodi kwenye thina ni kuiloweka kwenye gundi.

Kwa hiyo anza kwa kujua umeshika nini. Modeli za matangazo za miaka ya 1950, zile ambazo wauza magari wa Marekani waliwagawia wateja, nyingi zilifinyangwa kwa plastiki ya asetati. Utazijua kwa kupinda: katikati imeinuka au pua imeinama, na nyingine zinanuka siki. Asetati haishikani vizuri na gundi ya polistairini, na dawa za kostiki, yaani zenye magadi makali, zinaila. Hizo safisha kwa maji na sabuni tu, na kupinda kwake uishi nako.

Kisha chukua rula. Kwa kipimo cha 1/25, yaani modeli iliyo ndogo mara 25 kuliko gari halisi, Impala ya 1964 yenye inchi 119 kati ya ekseli na ekseli inatoka takriban milimita 121. Kwa 1/24 inatoka 126. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini ukinunua chesisi ya 1/24 kwa bodi ya 1/25, tairi la nyuma litakaa nje ya tao lake na hakuna msasa utakaolirudisha.

Kulifungua gari lililoundwa zamani kunahitaji baridi kuliko nguvu. Gundi ya tyubu ya miaka ile, hasa ikiwa imepakwa kwa wingi, hukauka ikawa kama kioo. Funga gari kwenye mfuko, liweke kwenye friza usiku kucha, kisha ukilitoa sokota viungo polepole kwa vidole. Vingi vitalia "tak" na kuachia. Kisichoachia kimeungana kweli. Hapo tumia msumeno mwembamba wa modeli, ukate kwenye mstari wa kiungo, upande wa ndani usioonekana. Ukiingiza bisibisi utaokoa dakika tano na kupoteza nguzo ya kioo.

Rangi ndiyo mahali watu wanapoharibikiwa, basi tukae hapa kidogo. Kila dawa ijaribiwe kwanza chini ya boneti au ndani ya paa, tone moja, nusu saa. Ikinata au ikipoteza mng'ao, acha. Rangi ya mafuta, ile ya vikopo vidogo ambayo watoto wa zamani waliitumia, inatoka kwa dawa ya kusafishia oveni yenye kostiki. Ipulize bodi nzima, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iache saa kadhaa hadi usiku mmoja, kisha uisugue kwa mswaki laini kwenye maji ya uvuguvugu. Vaa glavu na miwani, fanya nje; kostiki inakula ngozi bila kukuuliza. Rangi za akriliki, na baadhi ya laka za makopo ya kupuliza, zinalegea kwenye spiriti ya isopropili ya asilimia 91 au zaidi baada ya saa chache. Laka ngumu zaidi inahitaji mafuta ya breki ya DOT 3, siku moja au mbili, ukikagua kila baada ya saa sita. Isome chupa vizuri: DOT 5 ni silikoni, haitoi rangi yoyote, itakupa gari lenye utelezi tu ambalo rangi mpya haitashika. Mafuta yaliyotumika yasimwagwe kwenye mfereji. Yapeleke yanakopelekwa mafuta machafu ya magari.

Vioo usivitie kwenye dawa yoyote kati ya hizo. Spiriti inaweza kukiacha kioo na nyufa laini kama utando wa buibui, na hazisuguliki zikaisha. Alama za gundi kwenye kioo zinaondolewa kwa msasa wa maji namba 600, halafu 1000, 1500, 2000, kisha dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa cha pamba. Kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia kabla hujaenda mbele. Anayeruka kutoka 600 kwenda dawa ya meno atapata kioo cha bafuni.

Krome ya bampa na shoo (wavu wa mbele wa gari) ni utando mwembamba wa alumini juu ya vanishi. Jiki inauondoa ndani ya dakika chache hadi saa moja. Chini yake utakuta vanishi ya manjano. Hiyo nayo itoe kwa dawa ya oveni, la sivyo rangi mpya itafuata mabonde yake na michoro midogo ya shoo itazibika. Suuza vizuri kati ya dawa na dawa. Jiki haichanganywi na kitu kingine chochote.

Baada ya hapo utaona majeraha halisi, na la kawaida kuliko yote ni nguzo ya kioo cha mbele iliyovunjika. Wengi wanaigandisha kwa supa gluu ncha kwa ncha, inashika hadi siku ya kupiga msasa wa paa, inakatika tena. Fanya hivi. Sawazisha ncha mbili kwa wembe mpya. Toboa kila upande tundu la milimita 0.5, kina cha milimita 4, kwa keekee ya vidole, ukizungusha taratibu bila kusukuma. Kata waya wa shaba nyeupe wa milimita 0.5, urefu milimita 8. Kabla ya gundi, weka kioo cha mbele mahali pake kikavu uone kama paa limekaa usawa, kisha kitoe, kwa sababu mvuke wa supa gluu unakipaka ukungu mweupe. Chovya waya, ingiza, shika usawa, hesabu hadi sitini. Pengo lililobaki lijaze kwa tone la supa gluu, nyunyiza bekingi soda juu yake, ligumu papo hapo. Piga tupa laini ndani ya nusu saa. Ukingoja hadi kesho, kiraka kitakuwa kigumu kuliko plastiki ya pembeni, na tupa itachimba pembeni huku kiraka kikibaki kama kovu.

Mashimo mapana yanahitaji puti ya sehemu mbili, yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Puti ya tyubu inayokauka kwa hewa ni ya mikwaruzo tu: inanywea inavyokauka, na kiyeyushi chake kinalainisha plastiki iliyo chini. Ukiijaza kwa unene, utapiga msasa leo ikae sawa, upake rangi kesho, na mwezi ujao uone bonde limerudi chini ya rangi inayong'aa. Huo ndio uchungu mkubwa wa kazi hii. Tabaka jembamba, masaa 24, tabaka jingine.

Modeli za zamani zina mstari wa kalibu, alama ya mahali vipande vya kalibu vilipokutana, unaopita juu ya mabawa na ukingo wa paa. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, kisha msasa 400, kisha 600. Funika nembo kwa utepe kabla. Mistari ya milango nayo ichimbe zaidi kwa mgongo wa kisu, mipito sita au saba myepesi, kwa maana praima (rangi ya kwanza ya chini), rangi yenyewe na klia (vanishi angavu ya juu) vitaijaza, na mlango uliochorwa ni aibu kwa gari zuri.

Tairi za vinaili laini za miaka ya 1960 na 1970 zina ugonjwa wake. Mafuta yanayoilainisha vinaili yanahama polepole na kuyeyusha polistairini inayogusana nayo. Utakuta rimu zina pete iliyoungua, au kioo kilichokaa na tairi kwenye boksi kina alama ya nusu mwezi. Rangi haizuii. Njia bora ni kubadili tairi. Ukitaka zilezile za asili, zungushia rimu utepe mwembamba wa foili ya chuma kabla ya kuvalisha. Na boksini tairi zikae kwenye mfuko wake.

Sasa mapambo. Kwa 1/25 hesabu ni tamu: inchi moja ya gari halisi ni karibu milimita moja. Ukitaka kulishusha Impala inchi tatu, unatafuta milimita tatu. Modeli nyingi za zamani za AMT zina ekseli ya mbele ya waya inayopita katikati ya bloku ya injini. Usipigane nayo. Toboa tundu jipya milimita tatu juu ya lile la zamani, pande zote mbili za chesisi na kwenye bloku, kisha ziba la zamani. Kabla ya gundi, valisha tairi na uweke bodi. Tairi likigusa tao, saga tao kwa ndani hadi unene wa milimita 0.5, usiguse ukingo wa nje. Watu wanakata chesisi halafu wanagundua tairi haliingii. Pima kwanza, mambo mengine yatafuata.

Rangi ya kendi, ile nyekundu inayoonekana kama ina kina, inaanzia kwenye fedha au dhahabu laini, kisha tabaka nne hadi sita za rangi inayopenya mwanga. Kila tabaka linaongeza giza. Kwa hiyo boneti lipulizwe likiwa limeshikwa mahali pake kwenye bodi, idadi ileile ya mipito, mwelekeo uleule. Ukilipuliza peke yake siku nyingine, litakuwa boneti la gari jingine. Chembe za kumetameta za magari halisi usitumie. Kwa kipimo hiki kila chembe inaonekana kama kokoto. Tumia unga laini wa lulu. Kopo liloweshe kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, pulizia umbali wa sentimita 25 hadi 30, tabaka la kwanza liwe vumbi tu. Laka juu ya rangi ya mafuta itakunjamana. Rangi ya mafuta juu ya laka iliyokauka haina shida. Walioko Mombasa na Dar wangoje siku kavu, maana unyevu unaingia kwenye laka na kuiacha na ukungu wa maziwa.

Kwa mapambo ya fedha ya ubavuni hakuna kalamu inayoshinda foili ya Bare-Metal, karatasi nyembamba sana ya chuma yenye gundi nyuma. Kuna mbinu moja ya nembo ambayo wengi hawaijui: bandika foili juu ya herufi za "Impala" baada ya praima, kabla ya rangi. Ikandamize kwa kijiti cha meno chenye ncha butu hadi herufi zote zisimame, kata pembeni kwa wembe. Paka rangi kama kawaida. Ikikauka, kabla ya klia, chukua pamba ya sikio iliyoloweshwa thina kidogo sana, ikamulie kwenye karatasi, kisha pitisha juu ya herufi tu. Rangi inatoka kwenye vilele, foili inatokea, na unapata maandishi ya milimita moja na nusu ambayo hakuna brashi ingeweza kuyaandika. Hapo ndipo thina ina kazi yake, na kipimo chake ni ncha ya pamba ya sikio.

Stika za maji zilizogeuka manjano zibandike dirishani zikitazama jua, wiki moja au mbili, zikiwa ndani ya mfuko mkavu. Kisha zipulizie klia kabla ya kuzilowesha, vinginevyo zitavunjika vipande majini.

Na wewe mwenye Impala: usivitupe vipande vilivyobaki. Modeli nyingi za AMT na za chapa ya MPC zimerudishwa sokoni na kampuni ya Round 2, kwa hiyo tafuta bodi ya kipimo cha 1/25. Hata iliyoundwa vibaya inafaa, mradi nguzo na nembo zipo. Pima milimita 121 kabla ya kulipa. Bampa zako za zamani zikiwa bado na krome, zioshe kwa maji na sabuni tu. Na mabaki ya bodi iliyoyeyuka yakate vipandevipande vya ukubwa wa punje ya mchele, utie kwenye chupa ya gundi ya majimaji ya modeli, ile inayoyeyusha polistairini, iliyobaki robo, uache hadi kesho. Itakuwa uji mzito wa plastiki, na huo ndio ujazio mzuri kuliko puti yoyote ya dukani kwa mianya membamba ya bodi utakayoipata.