Beaujolais: soma jina la mahali kabla hujafungua chupa

Wengi wanaoanza kunywa mvinyo mwekundu hukimbilia ule mzito. Wanaamini mwekundu wa kweli lazima uwe mweusi kwenye glasi na uache ukakasi mdomoni mpaka kesho. Kwa imani hiyo, chupa za Beaujolais wanazipita dukani kama hawazioni. Mimi naishi Lyon, mji ulio kusini tu mwa mashamba hayo, na huu ndio mvinyo unaokaa mezani kwangu kuliko mwingine wowote. Naomba niutetee, halafu nikuelekeze namna ya kuuchagua.

Beaujolais ni vilima vilivyo kati ya Mâcon na Lyon, magharibi mwa mto Saône. Mvinyo wake mwekundu hutokana na zabibu aina moja, Gamay. Ganda lake ni jeusi, maji yake hayana rangi, na ukakasi wake ni mdogo huku uchachu wake ukiwa wa kutosha. Zabibu hii ilidharauliwa zamani sana. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, eneo la mvinyo lililo kaskazini mwa hapa, aliamuru ing'olewe katika milki yake kwa sababu alitaka zabibu nyingine, Pinot Noir. Amri hiyo haikuiangamiza. Huku kusini, juu ya udongo uliotokana na mwamba wa granaiti, ilipata mahali panapoifaa kuliko kule ilikofukuzwa.

Sasa chukua chupa uisome. Ikiwa imeandikwa Beaujolais basi, mara nyingi ni mvinyo wa upande wa kusini, kwenye udongo wa mfinyanzi na chokaa: mwepesi, wa kunywewa mapema, wa bei nafuu. Beaujolais-Villages hutoka katika vijiji 38, na kwa kawaida una mwili zaidi kidogo, yaani ni mzito zaidi mdomoni. Juu ya hizo ngazi mbili kuna maeneo kumi yanayoitwa cru, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa sababu kwenye lebo nyingi za cru neno Beaujolais hulioni kabisa, au limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Unaona jina la mahali tu. Kutoka kaskazini kwenda kusini ni Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Côte de Brouilly na Brouilly. Régnié ndiyo ya mwisho kuingia, mwaka 1988. Yakariri majina haya kumi. Hakuna somo lingine litakalokufaa zaidi ukiwa mbele ya rafu.

Huhitaji kuyajua yote kwa ulimi mara moja. Anza na matatu. Fleurie ni laini, na harufu yake inakaribia waridi. Huo ndio ninaomfungulia mgeni asiyependa mvinyo mwekundu. Morgon una nguvu zaidi. Zabibu za kilima cha Côte du Py, kwenye mawe ya bluu yaliyolika, hutoa mvinyo wenye cheri iliyoiva sana na kitu kama harufu ya udongo uliolowa mvua, na ukiuacha miaka mitano au zaidi hugeuka hadi watu wakaudhania mvinyo wa Burgundy. Moulin-à-Vent, penye kinu cha upepo juu ya mashamba na madini ya manganizi ndani ya udongo, ndio mzito kuliko yote, nao huhimili miaka kumi na zaidi ukitoka kwa mkulima mzuri. Brouilly, lililo kubwa kuliko mengine, ni rahisi kulipata na halina makuu.

Wepesi huu hautokani na zabibu peke yake. Vichala huchumwa kwa mkono na kutiwa tangini vizima, bila kupondwa. Vya chini hulemewa na uzito, vinapasuka, na maji yake yanaanza kuchachuka. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka hapo hupanda na kulijaza tangi, hewa inaisha, na punje za juu ambazo bado ni nzima zinaanza kuchachuka ndani ya maganda yake zenyewe. Rangi na harufu ya matunda hutoka na kuingia kwenye mvinyo, ukakasi mwingi hubaki kwenye maganda na mbegu. Ukionja punje iliyotolewa humo baada ya siku chache, inakutekenya ulimi kwa gesi na ndani imeshakuwa nyekundu.

Njia hiyohiyo ikiharakishwa ndiyo inayotupa Beaujolais Nouveau, mvinyo wa mavuno ya mwaka uleule, ambao tangu 1985 huachiwa Alhamisi ya tatu ya Novemba. Georges Duboeuf, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyeifanya siku hiyo ijulikane duniani. Kunywa Nouveau, furahi na wenzako, umalize kabla ya majira ya kuchipua. Lakini usiipime Beaujolais yote kwa ile harufu yake ya ndizi na peremende, ambayo huletwa sana na hamira zilizochaguliwa na haraka ya kazi. Wapo waliokataa njia hiyo. Mwanakemia na mfanyabiashara wa mvinyo Jules Chauvet, na baada yake Marcel Lapierre wa Villié-Morgon, walirudia hamira za shambani, zinazokuja na zabibu zenyewe, na kupunguza salfa inayotiwa kuhifadhi mvinyo. Wakulima wengi wa mvinyo wa asili Ufaransa wanafuata nyayo zao hadi leo.

Angalia mwaka pia. 2015, 2018 na 2020 ilikuwa miaka ya joto, na cru nyingi za miaka hiyo ni nzito na zina kilevi kingi. Mwaka 2021 ulikuwa na baridi kali ya Aprili na mvua, mavuno yakawa haba, ila kwa anayependa wepesi ndio mwaka wa kutafuta.

Usiunywe ukiwa na joto la chumba, hasa kama unaishi pwani. Uweke kwenye friji kwanza mpaka upoe. Nyuzi 12 hadi 14 ndizo zake. Hapa Lyon hunywewa pamoja na soseji, maini na kuku. Kwangu huenda na pilau ya nyama na kachumbari, kwa sababu mvinyo wenye ukakasi na kilevi kingi huchochea pilipili, na Gamay haigombani nayo.

Ukiweza, nunua chupa mbili za mkulima mmoja na mwaka mmoja, Fleurie na Morgon, uzifungue jioni moja pamoja na chakula. Mimina kidogo kidogo, uache glasi zikae robo saa, kisha urudie zote mbili. Chupa ya Morgon ikibaki, izibe uirudishe kwenye friji. Siku ya pili mara nyingi huwa nzuri zaidi.