Mafumbo ya hesabu: barua zenu nane

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: hesabu yenyewe naiweza, ila ikishavalishwa maneno nashindwa. Nimechagua nane, za wanafunzi na za watu wazima ambao hesabu imewafuata hadi kazini. Nyingine nimezifupisha.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili. Nikipewa 3x + 5 = 20 napata jibu upesi, lakini likija fumbo la maneno naduwaa. Nianzie wapi? (Kigoma)

Marahaba, mwanangu. Kwanza weka kalamu chini. Soma fumbo, kisha lisimulie kwa mdomo kama unayempa mdogo wako habari za sokoni, na ulisimulie kwa Kiswahili hata kama mtihani umeandikwa kwa Kiingereza. Wengi wenu mlisoma hesabu za msingi kwa Kiswahili, mkafika sekondari mkaikuta aljebra inafundishwa kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachowashinda ni sentensi, namba hata hamjazifikia. Ukiweza kulisimulia fumbo bila kutaja namba yoyote, umelielewa. Usipoweza, lisome tena.

Baada ya hapo tafuta neno "kila". Kila kilo, kila siku, kila abiria: namba inayoandamana na "kila" ndiyo inayozidishwa na x, na ukichora grafu ndiyo mteremko wa mstari. Kile kilichokuwepo kabla ya kuanza kuhesabu kinasimama peke yake. Mlinganyo wako wa 3x + 5 = 20 unaweza kuwa hivi: pipani mlikuwa na lita 5, kila ndoo ni lita 3, nimemimina ndoo ngapi hata pipa likafika lita 20? Ndoo 5. Jizoeze kutunga hadithi za namna hiyo kwa milinganyo unayoiweza. Ukiweza kuivalisha maneno, kuivua hakutakusumbua.

Na uwe macho na maneno madogo. "Bei imepanda kwa Sh 200" na "bei imepanda hadi Sh 200" ni milinganyo miwili tofauti kabisa. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakikosa swali zima kwa sababu waliruka "kwa".

Nahamisha vyombo kwenda kijiji kilicho kilomita 60 kutoka hapa mjini. Mwenye kirikuu wa kwanza anataka Sh 40,000 za kuanzia na Sh 800 kwa kila kilomita. Wa pili hana za kuanzia, ila anatoza Sh 1,200 kwa kila kilomita. Nimchukue yupi? (Tanga)

Wa kwanza ni 40,000 + 800x, wa pili ni 1,200x. Kwa kilomita 60 wa kwanza atakudai Sh 88,000 na wa pili Sh 72,000. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye kilomita 100, ambapo wote wanadai Sh 120,000. Chini ya hapo mchukue wa pili, juu ya hapo mchukue wa kwanza.

Lakini usilipe bado. Waulize wote wawili: kilomita za kurudi zinahesabiwa? Gari litarudi tupu, na madereva wengi huhesabu kwenda na kurudi. Ikiwa ni hivyo, x yako ni 120. Wa kwanza anakuwa Sh 136,000, wa pili Sh 144,000, na jibu limegeuka. Kwenye daftari x huwa imeshaelezwa. Barabarani ni juu yako kuuliza x ni nini.

Lori limeondoka Mombasa saa 12 asubuhi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Basi limeondoka Nairobi saa 2 asubuhi kwa kilomita 84 kwa saa. Njia ni kilomita 480. Watakutana saa ngapi? Mimi nilipata jibu la ajabu. (Voi)

Nadhani najua ulipojikwaa: ulitoa 2 kwenye 12 ukapata saa 10. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo katika mafumbo ya asubuhi saa 12 iandike sifuri. Ukifanya hivyo, saa ya Kiswahili inakusaidia kuliko ile ya Kizungu, maana saa 2 asubuhi ni saa mbili kamili tangu mwanzo.

Katika saa hizo mbili lori limekwenda kilomita 120, zimebaki 360. Sasa wanasogeleana kwa 60 + 84, yaani kilomita 144 kila saa. Gawanya 360 kwa 144, ni saa mbili na nusu. Watakutana saa 4 na nusu asubuhi. Hakiki: lori limekwenda saa 4.5 × 60 = 270, basi saa 2.5 × 84 = 210, jumla 480. Ni upande wa Nairobi wa nusu ya njia, si mbali na Mtito Andei.

Niko Minneapolis. Jiko la huku lina Fahrenheit na mapishi yangu yote ni ya Sentigredi. Kuna njia ya haraka?

Kuna mstari ulionyooka kati yao. Maji huganda kwenye 0 ya kwetu, ambayo ni 32 ya huko, na huchemka usawa wa bahari kwenye 100, ambayo ni 212. Nyuzi 100 zetu ni nyuzi 180 zao, kwa hiyo kila nyuzi moja ni 1.8, na unaanzia 32. Kichwani fanya hivi: zidisha kwa mbili, punguza sehemu moja ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Keki ya nyuzi 180: 360, toa 36, ongeza 32, ni 356. Weka 350.

Bustani ina urefu unaozidi upana kwa mita 3, eneo lake ni mita za mraba 180. Nimepata x = 12 au x = −15. Mwalimu wetu anasema jibu hasi tulitupe. Kwa nini hesabu itoe jibu la kutupwa? (Morogoro)

Swali zuri kuliko fumbo lenyewe. Wewe uliandika x(x + 3) = 180. Mlinganyo haujui kwamba unazungumzia bustani. Umeulizwa tu: namba gani ukiizidisha na nyingine inayoizidi kwa 3 utapata 180? Majibu ya kweli ni mawili, maana 12 × 15 ni 180, na −15 × −12 pia ni 180. Anayejua kwamba upana hauwi hasi ni wewe uliyeisimulia hadithi, kwa hiyo wa kuchuja ni wewe.

Ila usifanye kutupa kuwa mazoea. Tangi lina lita 300 sasa na linajaa lita 20 kila dakika: lini lilikuwa na lita 100? Utapata −10, na jibu hilo lina maana kamili, dakika 10 zilizopita. Mara nyingine majibu yote mawili ni chanya na yote ni sahihi. Mpira uliopigwa wima kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde unakuwa kwenye kimo cha karibu 20t − 5t². Uliza lini uko mita 15 juu, utapata sekunde ya 1 na sekunde ya 3. Ulipita pale ukipanda, ukapita tena ukishuka. Kila jibu lirudishe kwenye hadithi, hadithi ndiyo itakayoamua.

Vijana walikodi basi dogo la kwenda harusini kwa Sh 240,000, wachange sawa. Siku ya safari wanne hawakutokea, ikabidi kila aliyebaki aongeze Sh 2,000. Walikuwa wangapi mwanzoni? Hapa mraba unatokea wapi wakati hakuna eneo? (Dodoma)

Mraba hutokea kila penye vitu viwili vinavyozidishana huku vyote vikibadilika. Hapa ni watu na mchango. Watu waite x, mchango wa mwanzo uite y, basi xy = 240,000.

Sasa fikiri kama mweka hazina wa msafara. Pengo lililoachwa na wale wanne ni 4y. Waliobaki wameliziba kwa Sh 2,000 kila mmoja, yaani 2,000(x − 4). Pengo na kiraka ni sawa: 4y = 2,000(x − 4), kwa hiyo y = 500(x − 4). Iingize kwenye ile ya kwanza, utapata x(x − 4) = 480, yaani x² − 4x = 480.

Ongeza 4 pande zote: x² − 4x + 4 = 484. Upande wa kushoto ni mraba wa x − 2, na kipeuo cha pili cha 484 ni 22. Basi x ni 24. Ile −20 nyingine hadithi inaikataa. Hakiki: 24 walichanga Sh 10,000 kila mmoja, 20 wakatoa Sh 12,000. Zote ni Sh 240,000.

Mimi ni mama lishe. Nauza chapati 120 kwa siku, Sh 500 moja. Unga, mafuta na mkaa vinanigharimu Sh 300 kila chapati. Niliwahi kuuza Sh 600 kwa wiki mbili nikawa nauza kama 100. Mwanangu anasema hesabu za shule zinaweza kuniambia bei nzuri. Ni kweli? (Mbeya)

Ni kweli, mama, na mwanao ameona mbali.

Kila ukiongeza Sh 100 wanapungua wanunuzi wa chapati 20. Tuchukulie kwa sasa kwamba wataendelea kupungua hivyo hivyo. Faida yako kwa siku ni (bei − 300) × idadi. Sasa jiulize ni bei zipi zinakupa faida sifuri. Ya kwanza ni Sh 300, maana unauza kwa gharama. Ya pili ni ile isiyonunuliwa na mtu: kutoka chapati 120, ukipunguza 20 mara sita zinaisha, na hiyo ni bei ya Sh 1,100. Grafu ya faida ni kilima kinachoanzia 300 na kuishia 1,100, na kilima cha aina hii kina pande mbili zinazolingana. Kilele kipo katikati: Sh 700. Hukuhitaji fomula yoyote.

Leo kwa Sh 500 unapata 200 × 120 = Sh 24,000. Kwa 600 ni 300 × 100 = Sh 30,000. Kwa 700 ni 400 × 80 = Sh 32,000. Kwa 800 inarudi Sh 30,000, na kwa 900 inarudi Sh 24,000 ile ile ya leo.

Pamoja na hayo, nisingekuambia urukie 700. Tazama: kutoka 500 kwenda 600 umepata Sh 6,000 zaidi, lakini kutoka 600 kwenda 700 ni Sh 2,000 tu. Karibu na kilele kilima kinakuwa tambarare. Kwa hizo Sh 2,000 utapoteza wanunuzi wa chapati 20, na wengine wao hunywa chai na kula maharage kwako. Tena ushahidi wako unaishia Sh 600. Kupita hapo tumeunyoosha mstari kwa kudhani, na wateja huweza kukimbia wote siku moja jirani akifungua banda. Uza Sh 600 kwa mwezi mzima, mwanao aandike idadi kila jioni. Hapo ndipo mtakuwa na namba za kuamua kama mpande tena.

Ni kweli kwamba aljebra ilitokana na mirathi? (Unguja)

Haikutokana nayo, milinganyo ya mraba ilitatuliwa Babeli zaidi ya miaka 2,500 kabla ya al-Khwarizmi. Lakini al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafumbo ya mirathi na wasia. Na ule mtindo wa kuukamilisha mraba niliotumia kwenye basi la harusi umo humo pia: mfano wake mashuhuri ni x² + 10x = 39. Aliongeza 25 pande zote, akapata 64, akachukua kipeuo chake cha pili, 8, akapunguza 5, jibu 3. Yote aliyaandika kwa maneno matupu, bila x wala alama, na akayathibitisha kwa kuchora miraba.

Mirathi ya Kiislamu yenyewe huwa ni mstari ulionyooka. Marehemu ameacha mke, wana wa kiume wawili na mabinti watatu, wazazi wake hawapo, madeni na wasia vimeshatolewa, zimebaki Sh 24,000,000. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, Sh 3,000,000. Zinabaki 21,000,000, na kila mwana wa kiume hupata fungu la mabinti wawili. Fungu la binti liite x: wana wawili ni 4x, mabinti watatu ni 3x, 7x = 21,000,000. Kila binti Sh 3,000,000, kila mwana wa kiume Sh 6,000,000. Jumlisha tatu ya mama, kumi na mbili za wana na tisa za mabinti: milioni 24.