Maswali na majibu: Ukikadiriwa kodi na TRA, siku 30 ni zako

*Nimekadiriwa shilingi milioni 18. Nimeshamwona afisa aliyenikadiria, ni mtu muungwana, kaniambia atalifanyia kazi nisubiri. Nisubiri?* (Muuza nguo, Kariakoo)

Usisubiri. Uungwana wa afisa hausimamishi saa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakupa siku 30 tangu ulipopokea makadirio, na ndani ya siku hizo pingamizi lako dhidi ya kodi hiyo liwe limefika kwa Kamishna Mkuu wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, kwa maandishi, likiwa na sababu. Mazungumzo ya kaunta hayahesabiki, wala simu, wala ujumbe wa WhatsApp. Afisa huyo anaweza kuhamishiwa Mbeya kesho, na atakayekalia kiti chake atakuta faili halina karatasi yako hata moja.

Andika leo. Taja namba yako ya mlipakodi, tarehe uliyopokea makadirio, miaka inayobishaniwa, kisha sababu moja moja na kielelezo chake. "Kodi ni kubwa mno, biashara ngumu" si sababu. "Shilingi milioni 9 zilizohesabiwa kuwa mauzo ya Machi ni mkopo wa benki, angalia kiambatisho cha 2" ni sababu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiwasilisha kwa mtandao, hifadhi uthibitisho wake.

*Lazima niwe na wakili?* (Fundi seremala, Morogoro)

Hapana. Pingamizi unaweza kuliandika mwenyewe, na hata mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi, inayosikiliza rufaa dhidi ya uamuzi wa Kamishna, unaruhusiwa kusimama mwenyewe.

*Nimesikia hawapokei pingamizi mpaka ulipe theluthi. Mimi nakubali nadaiwa milioni 2 tu kati ya 18. Nilipe ngapi?* (Mwenye duka la vipuri, Mwanza)

Milioni 6. Unalipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi unachokikubali, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Ungekuwa unakubali milioni 8, ungelipa 8. Kama huna, mwombe Kamishna Mkuu kwa barua akupunguzie au akuondolee, ukieleza sababu na kuambatisha ushahidi wa hali yako. Barua hiyo iende mapema, usiishikilie hadi siku ya 29.

Maoni yangu ni kwamba theluthi hii inamwumiza mfanyabiashara mdogo. Mwenye mtaji mkubwa anailipa na kuendelea na kazi; mama wa mgahawa anauza friji ili asikilizwe. Wabunge wanapaswa kuliangalia hili upya.

*TRA wamechukua taarifa yangu ya benki na kuhesabu kila fedha iliyoingia kuwa mauzo. Humo kuna fedha za kikoba na za dada yangu. Nitajieleza vipi?* (Muuza vipodozi, Arusha)

Swali hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu kesi nyingi zinaishia hapa. Ujue kwanza kwamba mzigo wa kuthibitisha kuwa makadirio yamekosewa au yamezidi ni wako. TRA hawalazimiki kuthibitisha kwamba fedha za dada yako ni mauzo. Wewe ndiye wa kuonyesha kwamba si mauzo.

Chapisha taarifa ya benki, chukua daftari, upitie muamala mmoja baada ya mwingine. Andika tarehe, kiasi, zilikotoka na karatasi inayothibitisha. Kama ulitoa fedha kwenye simu ukaziweka benki, zimehesabiwa mara mbili: onyesha zilivyotoka upande mmoja na kuingia upande wa pili. Za kikoba, leta daftari la kikundi na barua ya mwenyekiti. Za dada, barua yake pamoja na muamala wa akaunti yake. Muamala usio na karatasi uache upande wa mauzo. Ukiulazimisha, utaharibu hata ile ya kweli.

Na risiti za EFD, mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, zitolewe kopi sasa. Karatasi ile hufifia, na sheria inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Risiti nyeupe haimsaidii mtu.

*Siku 30 zimepita, nilikuwa sijui. Nifanyeje?* (Watu kadhaa)

Kila mwezi swali hili, na kila mwezi jibu ni lile lile. Muda huongezwa kwa ugonjwa, safari ya nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, na ombi lenyewe hutakiwa kufika angalau siku 7 kabla ya muda kwisha. "Sikujua" haimo. Usipopinga, kodi hiyo inakuwa deni, na TRA wana uwezo wa kuiagiza benki yako iwalipe moja kwa moja. Nenda ukaombe kulipa kwa awamu, kwa maandishi, kabla hawajafika huko.

*Kuna kijana anasema ana mtu wake ndani, nimpe laki tano faili lifungwe.* (Muuza simu, Dodoma)

Usimpe. Hiyo ni rushwa, nawe utakuwa mshitakiwa. Faili litabaki wazi na laki tano zitakuwa zimekwenda.

*Pingamizi langu lina miezi saba, kimya. Nadhani wameliacha?* (Msafirishaji, Tanga)

Hawajaliacha. Kamishna asipoamua ndani ya miezi 6, sheria inayachukulia makadirio kuwa yamethibitishwa, nawe una haki ya kwenda Bodi. Kwa kawaida kusudio la kukata rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, tangu kupokea uamuzi. Kwako hakuna barua ya uamuzi, kwa hiyo usijipe moyo kwamba siku hazijaanza. Nenda kwenye ofisi ya Bodi wiki hii na nakala yako yenye muhuri. Beba vielelezo vyote, maana kutoka Bodi rufaa inayofuata huenda Baraza la Rufani za Kodi, ngazi iliyo juu yake, na ukifika Mahakama ya Rufani zinasikilizwa hoja za kisheria tu. Huko hakuna atakayefungua daftari lako.