Kuorodhesha katuni fupi za zamani: anzia Jumamosi

Mtu akiamua kuandaa mwongozo wa katuni fupi za zamani, zile za dakika sita hadi nane zilizotangulia filamu kubwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kwa kawaida huanza na jina la katuni. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika. Majina yalibadilishwa, kadi za mwanzo (zile picha zenye jina la katuni na majina ya walioitengeneza) zilikatwa, na nakala unayoitazama leo huenda si ile iliyoonyeshwa mwaka 1940. Kitambulisho imara zaidi ni tarehe ya kutolewa, kwa hiyo iwe safu ya kwanza kabisa kwenye jedwali lako.

Kwa katuni za Warner Bros. kuna kipimo ambacho hakigharimu chochote: karibu zote zilitolewa Jumamosi. "Porky's Duck Hunt", 17 Aprili 1937, ni Jumamosi. "A Wild Hare", 27 Julai 1940, Jumamosi. "Duck Amuck", 28 Februari 1953, vilevile. Studio ya MGM nayo ilifuata utaratibu huohuo katika miaka ya 1940, ingawa kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kipimo hiki kinalegea. Basi ukikuta orodha inakwambia katuni ya Warner ilitoka Jumanne, shuku kwanza. Mara nyingi aliyeandika amechukua tarehe ya kusajili hakimiliki, au amegeuza siku na mwezi. Chukua "What's Opera, Doc?". Wamarekani huandika 7/6/57, wakimaanisha 6 Julai 1957. Msomaji wa kwetu anaisoma 7 Juni. Kalenda inamaliza ubishi: 7 Juni ilikuwa Ijumaa, 6 Julai ilikuwa Jumamosi.

Ndiyo maana tarehe iandikwe 1957-07-06, na safu hiyo ipewe muundo wa maandishi kabla hujaingiza kitu, la sivyo Excel itazigeuza kimyakimya kufuata mipangilio ya kompyuta yako. Ukiandika hivyo, jedwali likipangwa kwa safu hiyo linafuata mfuatano wa wakati. Usipange kwa alfabeti. Utasumbuka na "A" na "The" za mwanzo, na tatizo hilo si dogo, kama "A Wild Hare" inavyoonyesha.

Hii ndiyo katuni ya mwongozaji Tex Avery ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya sungura Bugs Bunny halisi. Kuanzia 1943 Warner walianza kurudisha katuni zao za rangi kwenye sinema chini ya nembo ya Blue Ribbon, na ili kubana matumizi wakakata kadi za mwanzo, wakaweka kadi moja mpya yenye jina tu. Jina la mwongozaji likapotea, la mwandishi likapotea, la mchoraji likapotea. Katuni hii ikarudi ikiwa na jina "The Wild Hare". Lakini kuna alama nyingine ndani ya katuni yenyewe. Bugs anamziba macho mwindaji Elmer Fudd kwa nyuma na kumwambia abahatishe ni nani. Elmer anataja waigizaji wa kike wa wakati ule, na katika nakala ya kwanza mmoja wao ni Carole Lombard. Lombard alifariki kwenye ajali ya ndege Januari 1942, hivyo nakala iliyorudishwa ina sauti mpya inayotaja Barbara Stanwyck. Ukisikia Stanwyck, jua una nakala ya Blue Ribbon mkononi, hata kama aliyeiweka mtandaoni ameiandika vinginevyo.

Kwa hiyo kila katuni inahitaji mistari ya aina mbili: mmoja wa katuni yenyewe, na mingine ya nakala zake. Kwenye mstari wa katuni weka tarehe, jina la awali, studio, mfululizo, mwongozaji. Kwenye mistari ya nakala weka jina linaloonekana kwenye kadi, nembo zilizopo, urefu, rangi, na tofauti yoyote ya sauti au picha. Anayechanganya haya mawili huishia na katuni moja iliyohesabiwa mara mbili. "Book Revue" ya Bob Clampett (1946) huonekana kwenye orodha nyingine pamoja na "Book Review" kana kwamba ni ndugu wawili. Ni katuni moja, na jina la pili ni la kadi ya kurudishwa.

Kadi zikiwepo pia usiziamini zote. Katika enzi ya Leon Schlesinger, mtayarishaji wa katuni za Warner aliyeuza studio yake kwa Warner mwaka 1944, mwongozaji aliandikwa kama msimamizi, na mchoraji mmoja tu ndiye aliyetajwa, kwa zamu, hata kama waliochora walikuwa wengi. Kwa upande wa sauti hali ni mbaya zaidi. Mkataba wa Mel Blanc, mwigizaji wa sauti wa Warner, ulimpa nafasi ya kutajwa ambayo wenzake hawakuwa nayo, ndiyo maana orodha nyingi zinampa kila sauti. Lakini sauti ya Elmer Fudd ilikuwa ya Arthur Q. Bryan, hadi alipofariki mwaka 1959. Tenga safu mbili: "kwenye kadi" na "kwa utafiti". Isiyo na ushahidi iache wazi. Safu tupu ina heshima yake kuliko safu iliyojazwa kwa kukisia.

Majina ya waongozaji pia yaunganishwe. Friz Freleng ni yuleyule I. Freleng na Isadore Freleng. Charles M. Jones ni Chuck Jones. Fred Avery ni Tex. Frank Tashlin aliwahi kuandikwa Frank Tash. Chagua umbo moja la kuchujia, na umbo la kwenye kadi libaki kama lilivyo.

Mwaka wa hakimiliki, ule wa namba za Kirumi chini ya kadi, una safu yake. MCMXL ni 1940, MCMXLVI ni 1946. Mara kadhaa unatangulia mwaka wa kutolewa, na si kosa. Tuzo za Oscar nazo zina mwaka wake. "The Cat Concerto" ya Tom na Jerry, ya studio ya MGM, ilishinda Oscar ya mwaka 1946, sherehe ikafanyika Machi 1947, ilhali tarehe yake ya kutolewa ni 26 Aprili 1947. Anayepanga kwa mwaka wa tuzo ataiweka mahali pasipo pake, na hataona kwamba "Rhapsody Rabbit" ya Warner, yenye muziki uleule wa Liszt, ilishatoka 9 Novemba 1946. Ubishi wa nani aliiga nani umejengwa juu ya tarehe hizi.

Tukiwa kwa Tom na Jerry: hesabu sahihi ya katuni za sinema za 1940 hadi 1967 ni 161. Hanna na Barbera walitengeneza 114 (1940 hadi 1958), Gene Deitch 13 kule Prague, Chuck Jones 34. Jumla yako ikipita hapo, umeingiza za televisheni au za baadaye. Na ya kwanza, "Puss Gets the Boot", usiitafute kwa majina ya Tom na Jerry. Paka anaitwa Jasper, na kadi inamtaja Rudolf Ising peke yake. Baharia Popeye naye alianza mwaka 1933 ndani ya mfululizo wa Betty Boop, kwa hiyo anayechuja kwa mfululizo atamkosa.

Urefu upime kwa sekunde, na uandike chanzo. Filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, kwa hiyo katuni ya dakika 7 ni futi 630. Televisheni za Kenya na Tanzania zilitumia mfumo wa PAL, wa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, na nakala za mfumo huo hukimbia kidogo: dakika 7 zinakuwa 6 na sekunde 43, na sauti inapanda. Hapo hakuna kilichokatwa. Upungufu ukizidi asilimia nne, sasa tafuta mkasi.

Rangi pia hudanganya. Katuni nyingi za nguruwe Porky katika Looney Tunes, mfululizo wa Warner, zilikuwa nyeusi na nyeupe, kisha kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 baadhi zikachorwa upya kwa mkono ili ziuzwe kwa televisheni za rangi. Utazijua kwa mwendo wa kushtukashtuka na mandhari iliyopungua vitu. Ziandike kama nakala.

Zile zenye dhihaka za kibaguzi usizifute kwenye orodha, zikiwemo 11 za Warner ambazo United Artists waliziondoa kwenye televisheni mwaka 1968. Andika kilichomo kwa maneno ya wazi. Kwa Tom na Jerry, angalia mtumishi wa nyumbani, mwanamke mweusi: sauti ya awali ni ya Lillian Randolph, lakini zipo nakala za televisheni zenye sauti nyingine, na hata zile alizochorwa upya kuwa mwanamke mzungu. Ukiandika "nakala ya televisheni" pekee, msomaji hatajua ni ipi kati ya hizo. Andika ngozi ya mikono na miguu inavyoonekana, na lafudhi unayoisikia.