Kontena zako ziko klaudi, sasa usiku anaamka nani?

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi za klaudi, muuzaji atawaambia tulia, hii huduma tunaisimamia sisi, wewe leta kontena lako tu, yaani programu yako imefungashwa na kila inachohitaji. Mimi nilitulia kweli. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naringa, nadiploi, yaani napandisha programu mpya hewani, kwa amri moja, seva hata sijui ziko wapi, nikajua nimemaliza. Kumbe wanachosimamia wao ni mashine, umeme, diski na ule ubongo wa klasta, lile kundi la mashine linaloendesha kontena zako. Programu yako ikiwa na tabia mbaya inabaki na tabia yake, wao wataiwasha upya kila ikifa bila kukuuliza inakufa na nini.

Na hilo la kuwasha upya ndo limenipa somo kuliko yote, ngoja nilieleze taratibu.

Tulikuwa na mfumo wa kukata tiketi za mabasi, podi 6 kwenye Kubernetes, yaani nakala 6 za programu yetu, kila moja na kontena lake, na Kubernetes ndo programu inayosimamia klasta. Kuna ukaguzi wa aina mbili humo ambao wageni wengi wanauchanganya: liveness inauliza uko hai? ukishindwa kujibu unauawa na kuwashwa upya, readiness inauliza uko tayari kupokea wateja? ukishindwa unaachwa hai ila wateja hawaletwi kwako. Mimi zote mbili nilizielekeza sehemu moja, /health, na ndani yake nikaweka kaswali kadogo kwa databesi, SELECT 1, nikajiona fundi. Ijumaa moja jioni mtu wa uhasibu kafungua ripoti nzito, databesi ikaanza kuhema. Sasa usipobadilisha kitu, liveness inasubiri jibu sekunde 1, inakagua kila baada ya sekunde 10, ikikosa mara 3 mfululizo inaua. Kwa hiyo ndani ya nusu dakika hivi podi zote 6 chali, na databesi ilikuwa haijafa jamani, imechelewa tu! Zikaamka kwa pamoja, kila moja ikafungua koneksheni 20 kwa mpigo, databesi iliyokuwa inahema ikalala kabisa. Hapo ndo linakuja lile neno mtakalolizoea, CrashLoopBackOff, yaani klasta inasema hii kitu inakufakufa ngoja niipumzishe kabla sijaiwasha tena, sekunde 10, kisha 20, kisha 40, inajizidisha hivyo hivyo mpaka dakika 5. Ripoti ikaisha, databesi ikapona, sisi bado tumekaa tunaangalia podi zinasubiri zamu zao huku abiria wanapiga simu.

Sista mmoja wa upande wa databesi akaja mezani kwangu akaniuliza, "Mdogo wangu, databesi ikiumwa, wewe ukiua programu, databesi inapona?" Nikabaki namwangalia. Tangu siku ile liveness yangu inajibu OK bila kumuuliza mtu mwingine yeyote. Hata readiness siifungi tena kwenye databesi kichwa kichwa, kwa sababu podi zote zinatumia databesi moja, ikichelewa zote zinatoka kwenye foleni kwa pamoja na mteja anakuta duka limefungwa.

Kifo kingine utakachokutana nacho ni namba 137. Hiyo ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ile ishara ya kuua isiyokataliwa, mara nyingi utaona pembeni imeandikwa OOMKilled, programu imekula memori kupita kikomo ulichoiwekea. Wageni wanakimbilia kusoma logi za podi iliyopo sasa hivi wakati hiyo ndo kwanza imezaliwa, haijui kitu. Andika kubectl logs halafu ongeza --previous uisome ile iliyokufa, na kubectl describe pod ukaangalie sehemu ya Last State. Na usiongeze memori kabla hujaangalia grafu, kama inapanda taratibu siku nzima bila kushuka hilo ni tundu, programu inashika memori na haiachii, ukiongeza memori unaahirisha tu.

Kuna na hili la ishara ya kuzima, hapa nilikula hasara ya wiki nzima. Kila tukidiploi, malipo mawili matatu yananing'inia, mteja kakatwa hela kwenye simu na tiketi hana. Klasta ikitaka kuzima podi inatuma kwanza SIGTERM, kama kugonga mlango, inakupa sekunde 30 umalize ulichoshika, Cloud Run, huduma ya Google ya kuendesha kontena bila wewe kushika klasta, wanakupa 10 tu, ukiwa bado umo ndani unauawa. Programu yetu ilikuwa haisikii mlango kabisa. Kwenye Dockerfile, lile faili la maelekezo ya kutengeneza kontena, niliandika CMD node server.js hivi hivi, na ukiandika hivyo Docker inaanzisha sh kwanza ndo sh ianzishe node, SIGTERM inamfikia sh naye anakaa nayo. Ukiandika CMD ["node", "server.js"] node inaipokea yenyewe, ila nayo usipoandika kodi ya kuishughulikia haifanyi kitu. Mistari sita hivi, acha kupokea kazi mpya, maliza zilizopo, funga databesi, toka.

Saa nazo. Klasta nyingi zinahesabu kwa UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kazi uliyoipangia 0 0 * * * ukidhani saa sita usiku, kwetu inakimbia saa tisa usiku. Kwenye CronJob, yaani kazi ya ratiba ndani ya Kubernetes, kuna sehemu ya timeZone, iko rasmi tangu toleo 1.27, weka Africa/Dar_es_Salaam yaishe.

Matoleo pia msiyalalie, Kubernetes inatoa matatu kwa mwaka na kila moja linahudumiwa kama miezi 14. Kule EKS, Kubernetes inayosimamiwa na Amazon, ukibaki kwenye toleo lililopitwa klasta inatoka dola 0.10 kwa saa inakuwa 0.60, na bosi ataiona kwenye bili kabla yako. Ndo maana mtu mwenye kontena mbili tatu namwambia achana na klasta, tumia Cloud Run au kitu kama hicho, Kubernetes utaikuta tu mbele.

Kesho ukifika kazini fungua mazingira ya majaribio, mwambie mwenzako abonyeze kulipa, na wewe sekunde hiyo hiyo futa podi moja kwa mkono. Tiketi ikitoka kanyweni chai, isipotoka anzieni kwenye Dockerfile.